Gia ya Pili ya Bwana Athumani

Umoja, Nairobi
Jumamosi, tarehe mosi Novemba, alasiri

Mwanangu Saida,

Leo ni miaka arobaini na minane na miezi tisa tangu nitoke Tanga na mfuko mmoja wa nguo, nikiwa nimemwambia mama yangu kwamba nitarudi baada ya siku nne. Kesho alfajiri wewe unapanda basi kwenda huko huko. Mara tatu wiki hii umeniuliza kama nitakusindikiza, hata kwa juma moja tu, na mara tatu nimekujibu kwa kuuliza jambo jingine. Jana ukaniambia, "Baba, swali ni moja. Unakuja ama hukuji?" Nitakujibu humu. Lakini nikikujibu kabla sijakueleza habari ya giaboksi unayokwenda kuifungua, nitakuwa nimekudanganya tena, na uongo niliokwisha kuusema juu ya giaboksi hiyo unatosha.

Sasa hivi uko Ziwani unawaaga rafiki zako. Mambo ya chakula, ya simu, ya nani umfungulie mlango na nani usimfungulie, hayo mama yako ameyaanza Jumatatu na bado hajamaliza, kwa hiyo mimi sina la kuongeza. Asubuhi alipokuwa anafunga pakiti ya sita ya unga wa wimbi nilimwambia, "Mtoto anaenda Tanga, si mwezini." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Wewe ulikuja Nairobi kwa siku nne, Baba Saida. Hebu nyamaza."

Nikanyamaza, nikaja hapa uani kuandika.

Unakumbuka siku Rukia alipokupigia simu mara ya kwanza? Ulitoka chini ya lile gari la mwalimu ukiwa na oili hadi kwenye nyusi. "Baba! Kuna dada wa Tanga ana gari kama zile zako. Ya babu yake. Imekaa bandani tangu enzi hizo, na anataka ifufuliwe na vyuma vyake vyenyewe, si vya kuokoteza." Kisha ukasema, "Anadai wazee wa huko wanamkumbuka fundi mmoja aliyehamia Nairobi. Si ni wewe?" Nikakujibu kwamba mafundi waliohamia Nairobi ni wengi. Ni kweli, ni wengi. Lakini wewe uliuliza habari ya mmoja.

Gari hilo nalijua. Ni lile la Kifaransa la miaka ya sitini, lenye mapezi madogo nyuma na mkono wa gia kwenye usukani. Giaboksi za aina yake umefungua zaidi ya kumi kwenye ua huu. Hilo la Tanga ni jeupe. Mwenyewe alikuwa Bwana Athumani, babu yake Rukia, ambaye alikuwa akipanda Lushoto mara tatu kwa juma kuchukua mboga na matunda na kuteremka nayo mjini. Alikuwa mrefu, mcheshi, mpenda kuimba na mwenye sauti mbaya sana. Mtu wa mwisho kuifunga giaboksi ya gari lake nilikuwa mimi, nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne.

Nikueleze kwanza tulivyokuwa tukifanya kazi. Karakana yetu ilikuwa ya Fundi Kombo, nyuma ya stesheni. Tanga wakati ule ilikuwa mji wa katani. Kamba za katani zilikuwa kila mahali, tulifungia nazo milango, mizigo, hata viatu. Fundi Kombo alikuwa na sheria yake. Ukishafungua giaboksi, kabla hujagusa petroli ya kuoshea, kila gia ya shafti ya juu uifunge kwa katani pamoja na gia ya chini inayozungushana nayo. Zioshwe zikiwa zimefungwa, zilale zimefungwa, na kamba ikatwe siku ya kuzirudisha tu. Kazi hiyo aliiita kufunga ndoa. "Hawa mume na mke," alikuwa akisema. "Kila mmoja kashaujua ubaya wa mwenziwe." Wewe unafanya vivyo hivyo kwa vibano vya plastiki, vyekundu kwa gia ya kwanza, vya buluu kwa ya pili, na kabla ya hapo unapiga picha kwa simu. Hujawahi kuniuliza desturi hiyo niliitoa wapi. Mtoto huona mambo ya baba yake kama hali ya hewa, yapo tu.

Mimi nilitaka kujua sababu. Kwa nini gia mbili zenye meno sawa, kipimo sawa, zilizotoka kiwanda kimoja, zisibadilishane wenzi? Nikaanza kwa kuhesabu. Gia ya pili ilikuwa na meno thelathini na moja, na mwenziwe wa chini kumi na saba. Mbona si thelathini na nne, ambayo ni mara mbili kamili na rahisi kuchonga? Nilitembea na swali hilo siku kadhaa, nikichora kwa chaki sakafuni, Fundi Kombo akinicheka, mpaka nikaona. Kumi na saba na thelathini na moja hazina namba inayozigawanya zote mbili. Kwa hiyo kila jino la huku hukutana na kila jino la kule, moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja. Gia ndogo lazima izunguke mara thelathini na moja ndipo jino lake likutane tena na lile walilokutana mwanzo. Kasoro ya jino moja haimlemei mtu mmoja. Yote ya upande wa pili huichukua kidogo kidogo, mpaka miaka ikipita pande zote mbili zimechakaa kwa umbo linalofaa kwa hizo mbili tu, si kwa nyingine yoyote duniani. Nakumbuka nilivyosimama na chaki mkononi. Nilifurahi kama mtu aliyefungua barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua akagundua kwamba kumbe anaisoma.

Nakueleza hili ili ujue kwamba sikukosa kwa kutojua. Nilijua kuliko wote pale, isipokuwa Kombo mwenyewe.

Mwezi wa Desemba Bwana Athumani akaleta gari. Gia ya pili ilikuwa inalia na mara nyingine inaruka yenyewe. Fundi Kombo alikuwa amekwenda Pangani kwenye msiba, akaniachia karakana. Nikafungua, nikakuta meno mawili ya gia ya pili yamemeguka ncha. Nyuma ya karakana tulikuwa na mkangafu, gari bovu la aina hiyo hiyo la kutolewa vipuri. Giaboksi yake ilikuwa na gia ya pili nzima, safi kabisa, lakini shafti yake ya chini ilikuwa imevunjika upande wa gia ya kwanza. Unaielewa shafti ile: gia zake zote zimechongwa kwenye chuma kimoja, ikivunjika moja zimekwenda zote. Maana yake nilikuwa na mume mzima na mke aliyevunjika huku, na kule mke mzima na mume aliyemeguka. Kombo angefunga vyote, angemwambia mwenye gari angoje jozi kamili itoke Dar au Nairobi.

Usidhani Bwana Athumani aliniharakisha. Alisema, "Chukua muda wako, Hamisi. Mboga zitapanda lori, hazina kiburi." Haraka haikuwapo kabisa. Kilichokuwapo ni kwamba nilikuwa nimesoma kitu.

Unajua navyosoma. Wakati ule nilisoma chochote kilichofika mikononi, hata magazeti yaliyofungiwa samaki. Kulikuwa na kitabu cha ufundi ambacho baharia mmoja alimwachia Kombo, na ndani yake ukurasa uliosema kwamba kiwandani gia za difu, zile za ekseli ya nyuma, husuguliwa mbili mbili kwa dawa yenye chembe ndogo, mpaka zikaingiana, kisha zote mbili huchorwa namba moja ili zisitenganishwe kamwe. Nikajiuliza: kama wao wanaweza kuzioanisha gia zisizojuana, mimi nitashindwa nini? Nilitaka kujua kama inawezekana. Hiyo ndiyo sababu yote, Saida. Nimeichunguza miaka mingi nikitafuta yenye heshima zaidi, na sijaipata.

Nikakata kamba. Nikachukua gia nzima ya mkangafu, nikaiweka juu ya shafti ya Bwana Athumani, nikapaka dawa ya kusugulia valvu, ile yenye mchanga mchanga, nikazizungusha kutwa nzima. Nilipoosha na kupaka rangi nyekundu kuona meno yanavyogusana, alama ilikaa katikati ya jino, pana, nzuri kuliko uliyowahi kuiona. Nilijisikia bingwa. Kisha nikafanya jambo la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Gia ile ilikuwa na namba ya jozi yake, ndogo, imechorwa ubavuni kwa sindano ya umeme. Nikaisugua kwa jiwe hadi ikafutika, nikachora namba ya Bwana Athumani mahali pake. Kabla ya hapo nilikuwa nafanya jaribio. Kuanzia hapo nilikuwa nadanganya.

Ukurasa uliofuata wa kitabu kile niliusoma Kombo aliporudi, gari likiwa limekwisha ondoka. Ulisema kazi hiyo ni ya gia za difu peke yake, kwa dawa maalumu na mashine maalumu, na kwamba ngozi ngumu ya jino ni nyembamba. Ikishasuguliwa, chuma kilicho chini yake ni laini. Nilifunga kitabu, nikaendelea na kazi nyingine. Bwana Athumani alikuwa amepita asubuhi hiyo akipiga honi: "Hamisi! Gia haisikiki kabisa! Umeipa dawa gani?" Nikacheka naye.

Majuma matano baadaye, akiteremka kutoka Lushoto kuelekea Mombo na mzigo wa viazi, gia ya pili ilivunjika. Unakoenda utaiona barabara hiyo. Mlima uko upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu. Dereva wa pale hukaa gia ya pili toka juu hadi chini, injini ndiyo inayolishikilia gari, breki ni za kusaidia tu. Gia ilipoondoka breki zikabeba uzito wote, zikachemka, zikafa. Gari likagonga ukuta wa mlima. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili na haukukunja tena goti mpaka alipokufa, na gari hakuliendesha tena.

Mji mzima ulisema jambo moja: aliteremka fri. Walikuwapo madereva wengi wakati ule waliokuwa wakiondoa gia kwenye mteremko na kuliacha gari lijiendee lenyewe ili wabane petroli. Ilikuwa tabia, na ilikuwa aibu. Nilikwenda kumwona hospitali. Akanishika mkono.

"Hamisi, wewe unanijua. Mimi siteremki fri."

"Najua, Bwana Athumani."

"Gia ilikuwa ndani. Namba mbili. Nilisikia tak, halafu mkono ukawa mwepesi kama hakuna kitu chini. Nenda kafungue uangalie, halafu njoo uwaambie hawa."

Nikaenda. Gari lilikuwa limevutwa hadi kwenye banda la nyumbani kwake. Nikalala chini, nikafungua nati ya kumwagia oili, na pamoja na oili yakaanguka kwenye karai vipande vya meno. Viwili, vitatu, vitano. Nilivitazama muda mrefu. Kitu cha ajabu ni kwamba kabla ya kuogopa nilitaka kujua: vimevunjika kwenye shina au juu? Nikaviokota, nikatia oili mpya, nikafunga nati. Nikarudi hospitali.

"Sikuona kitu," nilimwambia.

Akanitazama. Wala hakubisha. Alisema, "Basi labda niliigusa mwenyewe bila kujua." Unaelewa nilichofanya, mwanangu? Mtu alikuwa na jambo moja alilolijua kwa hakika, nami nililiondoa mikononi mwake. Aliniamini mimi kuliko mkono wake mwenyewe.

Nikamwambia mama yangu naenda Nairobi siku nne kutafuta vipuri. Nilikusudia kupata jozi kamili, nirudi, niifungue giaboksi kimyakimya kabla mtu mwingine hajaifungua. Nilikuwa bado nakitafuta kipuri hicho wakati mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa. Watu waliokwama Nairobi walilia. Mimi, kwenye chumba nilichopangishwa Ziwani na watu watatu tusiojuana, nilishusha pumzi.

Umekua ukisikia kwamba baba yako alibaki huku kwa sababu ya mpaka. Mpaka ulifungwa kweli, na miaka kadhaa baadaye ukafunguliwa kweli. Wenzangu walikwenda na kurudi, wakawaoza binti zao huko, wakazika wazazi. Bibi yako ilibidi aje Mombasa ili anione, mara mbili, akiniletea samaki wa kukausha kana kwamba Nairobi hakuna chakula. Ulipokuwa darasa la tano uliniuliza, "Mbona Baba Swalehe huenda Tanga na wewe huendi?" Nikasema kazi ni nyingi. Mwaka wangu wa tatu hapa nilikuwa nimekwisha ipata jozi niliyoijia, kwenye yadi ya vyuma vikuukuu Gikomba, gia ya pili pamoja na shafti yake ya chini, namba zao zinalingana. Kwa hiyo mpaka ulipofunguliwa nilikuwa na njia, nilikuwa na kipuri, nilikuwa na afya. Nilichokosa ni uso. Jozi yenyewe nimeiweka kwenye sanduku lako la chuma, chini ya beringi. Ndiyo ile ambayo kila mwaka uliniuliza kwa nini hatuiuzi. Ipime kwanza, sina hakika kama ni ya mwaka mmoja na gari lile, na usitegemee neno langu kwa hili.

Kuna deni jingine, nalo ni lako. Miaka sita iliyopita, hapa hapa, giaboksi mbili zikiwa wazi mezani, ulikata kibano ukachanganya gia ya tatu ya huku na ya kule. Uliligundua mwenyewe, ukaniambia mwenyewe, kabla ya kufunga hata boliti moja. Nami nilikufokea mbele ya wateja. Nilikuita mwizi. Nakumbuka ulivyoduwaa. "Mwizi wa nini, Baba? Nimekosea tu." Ulikwenda kwa shangazi yako siku mbili. Uliporudi sikuomba radhi, nilikununulia spana. Sasa unajua nilikuwa namfokea nani. Nisamehe.

Kisha mwaka jana nikakuona na yule jamaa wa gari la kijani aliyekuwa na harusi Jumamosi. Nilikuwa nimekaa pale kwenye tairi, nikajifanya nasoma.

"Siste, weka gia yoyote, bora itembee."

"Boss, kutembea itatembea. Shida ni kusimama."

"Wacha mbwembwe bana. Nani atajua?"

"Wewe utajua, juu nakushow saa hii." Ukamkalisha, ukamwekea gia mbili mkononi, ukamwonyesha kwa kidole namna jino moja lilivyoliwa na jingine. Ukamwambia kinachoweza kutokea na kisichoweza. Alikasirika, akaenda, akarudi Jumatatu. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu juu chini.

Nimejiuliza tangu siku hiyo hilo ulijifunza kwa nani, maana si kwangu. Ustadi wa mkono nilikupa. Udadisi pia nadhani ni wangu, nakuona unavyotazama kitu kilichovunjika kana kwamba kinataka kukuambia siri. Usiuache. Mimi sijuti kuuliza kama gia mbili ngeni zinaweza kuoana. Ni swali zuri, na hata leo ningependa kujua jibu lake lote. Ninachojuta ni kwamba nililiuliza kwa kutumia gari la mtu anayeteremka mlima, bila yeye kujua kwamba naye yumo ndani ya swali. Wewe unamwambia mwenye gari. Inaonekana jambo dogo. Lingenipa maisha mengine.

Mama yako nilimweleza juzi. Alikuwa anakunja kanga zako. Alizikunja zote mpaka ya mwisho, kisha akasema, "Mimi si wa kuambiwa. Mwambie mtoto. Na huyo mama wa Tanga bado yuko hai?"

Yuko hai. Ni Bi Mwanaidi, mjane wa Bwana Athumani, bibi yake Rukia, na utalala nyumbani kwake. Alhamisi nilipokuomba namba ya Rukia nikisema nataka kumuuliza habari za mvua, hukuniamini, na ulifanya vizuri. Leo asubuhi nilipiga, Rukia akampelekea bibi yake simu.

"Hamisi yupi?"

"Hamisi wa kwa Fundi Kombo."

"Kumbe hujafa! Sisi tulishakurehemu zamani."

"Bado, Bi Mwanaidi. Nina jambo la gari."

"Gari mwambie Rukia, mimi sijui kitu cha gari."

"Hili ni lako." Nikamweleza. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe, gia, dawa, namba niliyoifuta, vipande kwenye karai, na nilichosema hospitali. Hakunikatiza. Nilisikia kuku, na mtu akisugua sufuria mbali.

Kisha akasema, "Gia ilikuwa ndani."

"Ilikuwa ndani."

"Miaka thelathini nilimwambia, ungetia gia ungekuwa na mguu wako. Kila nilipokasirika. Hata akidondosha kikombe, nilimwambia hilo. Mwanzo alikuwa akibisha. Baadaye akaacha kubisha." Akauliza, "Sasa hilo gari liligongaje mlima?"

"Aliligongesha yeye, Bi Mwanaidi. Gari lisilo na gia wala breki, kwenye kona ile, lilikuwa linakwenda upande wa pili. Aliuchagua mlima. Sijui madereva wengi ambao wangeweza."

Alilia, nadhani, au alikuwa anakohoa. Sikuuliza. Kisha sauti yake ikawa kavu kabisa. "Binti yako anajua?"

"Atajua leo."

"Ajue kabla hajafika kwangu. Sitaki niwe mimi wa kumwambia mtoto habari za baba yake. Na gari akilifungua, alifungue mbele ya wanangu wote, waone kwa macho yao. Nitawaita."

"Nitamwambia."

Kwa hiyo hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, Saida, nayo ni ngumu kuliko nilivyodhani nakupa. Fungua mbele yao. Gia ya pili utaijua: ubavuni namba yake imekaa kwenye kibonde kidogo kinachong'aa, pale nilipoisugua ya kwanza, na mwandiko wa namba hiyo ni wangu, saba yenye kistari katikati. Waonyeshe. Usinikingie. Wakiuliza ni nani, taja jina langu na useme ni baba yako. Naamini utaweza kulisema bila kuinamisha kichwa, kwa kuwa wewe hukufanya kitu.

Halafu, ukipata nafasi, nipigie picha ya shina la kila jino lililovunjika, kwa karibu, na mwanga utoke ubavuni. Kama mpasuko umeanzia juu, ni ngozi iliyosuguliwa. Kama umeanzia kwenye shina, basi meno yalikuwa yanabeba uzito mahali pasipostahili, na hata bila dawa yangu yangevunjika tu. Haibadilishi kosa. Lakini ni miaka arobaini na minane nalitaka jibu hilo, na wewe ndiye mtu pekee ambaye nitaliamini akiniambia.

Kabla ya kukata simu nilimwambia Bi Mwanaidi kwamba nimefikiri kuja pamoja nawe, nisimame mbele yake na mbele ya watoto wake. Ukweli ni kwamba begi nilikuwa nimelifunga tangu jana usiku. Mama yako alikuwa ameniwekea koti. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nataka kwenda.

"Hapana," alisema. "Binti yako aje, nitamlea kama Rukia. Wewe usije."

Nikangoja aseme sababu. Hakusema, nami sikuwa na haki ya kumuuliza. Katika maisha yake yote hajaniomba kitu kingine, na hiki ninacho cha kumpa. Nimelifungua begi, nguo zimerudi kabatini. Hilo ndilo jibu la swali lako: utakwenda peke yako, na mimi sitarudi Tanga.